Mwaka Tuliowaogesha Wagonjwa wa Mtopanga

Mwaka jana tulirudisha ufunguo wa ile nyumba ya Magogoni. Sisi tuliokuwa tukisali pale tumepungua: wengine wamehamia Nairobi, wengine wamefariki, watoto wameoa na kuolewa mbali, na tuliosalia tunaenea sebuleni kwa Mama Sara bila mtu kukosa kiti. Siku ya kuhamisha vitu nilivuka kutoka Likoni, ninakofanya kazi ya uuguzi, nikaenda kusaidia kufagia. Chumba kilikuwa kile kile cha ghorofani juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na sakafu ilikuwa bado ikitetema kila mashine za chini zilipowashwa. Mama Sara, ambaye sasa hatembei bila mkongojo, alisimama karibu na dirisha akasema, "Hapa ndipo alipokuwa akisimama Ruthi akitugombeza." Tukacheka. Wauguzi vijana wa wodini kwangu huniuliza nilijifunza wapi kumgeuza mgonjwa mzito bila kumwumiza, nami huwajibu kwamba nilijifunza chuoni, kwa kuwa jibu hilo ni fupi. Ukweli ni kwamba nilijifunza Mtopanga, mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo, katika chumba cha mwanamke aliyeitwa Bi Zuhura.

Tulikuwa Wayahudi, Waafrika wa hapa hapa Kenya, nyumba chache tu, na majirani hawakujua watuweke fungu gani. Kwa kuwa tulikusanyika Jumamosi, walituita watu wa Jumamosi na kutuhesabu kama kanisa. Kwa kuwa hatuli nguruwe na wanaume wetu huvaa kofia, wengine walituona ni Waislamu waliopotea njia. Hatukuwa na rabi. Aliyetuongoza ni Mwalimu Asheri, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mtu mpole mwenye sauti nzuri ya kusoma. Na aliyemwongoza Mwalimu ni mkewe, Mama Ruthi. Huyo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye pumzi fupi pia kwa sababu ya moyo, lakini maneno yake hayakuwahi kumwishia. Siku ya Sabato haturuhusiwi kuwasha moto, kwa hivyo Ijumaa kabla ya jua kutua aliteleka sufuria kubwa ya mbaazi, akafukia makaa kwa majivu, na Jumamosi mchana tulizikuta bado zina joto, laini kabisa, tui limekolea, tukazila kwa mahamri yaliyopikwa jana yake. Hata leo nikionja mbaazi zilizoiva haraka, naona kama nimelishwa chakula cha wagonjwa.

Ilikuwa baada ya mlo kama huo ndipo Mwalimu alipoanza kuwaombea wagonjwa kwa majina, kama desturi yetu. Mama Ruthi alimwachia mpaka amalize, kisha akasimama pale dirishani.

"Mwalimu, hawa watu tunaowataja, kuna hata mmoja ambaye tunaujua mlango wake?"

"Ni jamaa zetu, Mama. Wako bara."

"Wako bara, sawa. Na hapa Mtopanga? Kuna mwanamke amepooza, amelala tangu mwaka uliopita. Nimesikia habari zake kwa muuza maji. Sisi tuko huku juu twaimba, na habari za jirani twaletewa na mkokoteni!"

Mwalimu alikunja kitabu chake. "Wasemaje basi?"

"Nasema twende."

Tulianza kwa chakula, kwa kuwa ndicho mtu hukifikiria kwanza. Mama Ruthi alipika maharagwe na wali, nami nikabeba bakuli hadi kwa Bi Zuhura, yule mwanamke aliyepooza. Mkaza mwana wake, Mishi, alitupokea kwa heshima zote, akatushukuru, akatuombea dua. Juma lililofuata tulirudishiwa bakuli limesuguliwa mpaka linang'aa, na jirani mmoja mwenye ulimi mwepesi akatuambia kwamba kuku wa nyumba ile wamenenepa. Mimi nilikasirika. Mama Ruthi alicheka mpaka akashika kifua. "Hawajui sufuria yetu imepikiwa nini," alisema. "Wangetuletea wao, wewe ungekula?" Nisingekula. Basi akanichukua tukaenda kwa Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo alikaa nyuma ya msikiti wa Magogoni. Alisomesha wasichana Kurani nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyeitwa kila alipofariki mwanamke wa Kiislamu mitaa ile, aje amwoshe. Alikuwa mrefu, mweusi tititi, na Kiswahili chake kilikuwa cha wenyewe, cha watu wa Mvita. Tulimkuta ukumbini akichambua mchele kwenye uteo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaani. Mwatoka kwenye ile nyumba ya watu wa Jumamosi?"

"Huko huko," akasema Mama Ruthi. "Sisi ni Wayahudi, Bi Mwanakombo. Nakwambia mapema, usije ukaambiwa na mwingine."

Bi Mwanakombo hakuinua macho kutoka kwenye mchele. "Nshaambiwa zamani. Haya, mwataka nini?"

Mama Ruthi akamweleza habari ya chakula na kuku. Bi Mwanakombo alitabasamu kidogo tu. "Chakula watu wanacho," alisema. "Mtu akilala kitandani hapa kwetu, huyu huleta uji, yule huleta wali. Lakini nani yuaja kumwogesha? Mishi ana watoto, ana maji ya kuteka, ana moto wa kupuliza. Aambiwa kila siku amgeuze mtu mzima, mzito kama gunia la chumvi. Mikono ndiyo haba."

"Mikono tunayo," akasema Mama Ruthi.

Bi Mwanakombo akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Ya huyu msichana yatafaa. Wewe kwa pumzi hizo, kaa uwe wa kutupa shauri."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Asubuhi tatu kila juma nilimfuata Bi Mwanakombo nyumba kwa nyumba, na siku nyingine Mama Sara alikuja nami. Wagonjwa wa kike tuliwaogesha sisi. Kwa wanaume alikwenda Mwalimu na mzee mmoja wa msikitini, na Wakristo wawili watatu wa kanisa la jirani wakajiunga nao baadaye. Hapakuwa na mkutano wala hotuba. Watu husoma siku hizi habari za madhehebu kushirikiana, na pichani huona mashehe na mapadri wamesimama mstari mmoja wameshikana mikono. Sisi hatukupigwa picha, na nadhani ilikuwa bora, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa ya kutazamwa: ilikuwa beseni, sabuni, kitambaa, mikojo, na aibu ya mtu mzima anayevuliwa nguo na mgeni.

Chumba cha Bi Zuhura nakikumbuka kuliko chumba changu mwenyewe cha miaka ile. Kilikuwa na dirisha moja linaloangalia uani, kitanda cha mbao kilichowekewa matofali miguuni kiwe juu, chetezo kidogo cha udi, na ukutani saa iliyosimama ambayo hakutaka iondolewe kwa sababu ilinunuliwa na marehemu mumewe. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa. Bi Mwanakombo alinionyesha kupitisha leso iliyokunjwa chini ya nyonga, mmoja ashike huku na mwingine kule, tumngoje mgonjwa avute pumzi, na pumzi ikitoka ndipo tumgeuze. "Usimvute," aliniambia. "Mfuate. Mwili wamjua mwenyewe." Kisha tulimtazama mgongo. Siku ya kwanza nilikuta vidonda viwili, kimoja kina shimo la kuingia kidole, nikatoka nje nikatapika kwenye mfereji. Niliporudi, Bi Zuhura alinitazama kwa lile jicho lake zima, akasema kwa nusu ya mdomo, "Wamaliza? Haya, endelea."

Alikuwa mcheshi. Maneno yake yalitoka yamepinda, lakini tulizoea. Aliniuliza kama nasi twafunga, nikamwambia twafunga, na siku moja kuu hatuli wala hatunywi tangu jua kutua hadi kutua tena. "Usiku pia?" akashangaa. "Basi nyinyi mwaonewa." Aliniuliza kama nimeposwa. Aliniuliza kwa nini Mayahudi wangu ni weusi. Nikamjibu, "Na Waislamu wako je?" Bi Mwanakombo akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Kule uani niliwasikia majirani wakiniongelea huku wakisuka ukili wa mikeka. Mmoja alisema Myahudi hasa ni yule wa kwenye Biblia na wale walikwisha zamani. Mwingine akasema hapana, wapo, wana duka kubwa Nairobi. Mishi akawakata kauli: "Mimi sijui hayo. Najua mgongo wa mama umefunga." Ilikuwa kweli. Kufikia mvua za vuli kile kidonda kikubwa kilikuwa kimejaa nyama, na kidogo kimebaki baka.

Kisha vita vikazuka kule Mashariki ya Kati. Mimi mpaka siku hiyo sikuwahi kuvuka hata mpaka wa Kenya, na mtu aliyeniambia neno la Kiebrania kwa mara ya kwanza ni Mwalimu Asheri, chini ya mti wa mkanju. Lakini picha ziliingia katika kila nyumba yenye televisheni: majumba yaliyobomoka, wanawake wakilia, watoto waliofunikwa shuka. Mwanawe Bi Zuhura, Salim, alikuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini Kipevu. Alitoka alfajiri na kurudi magharibi, kwa hivyo miezi yote ile sikuwa nimeonana naye. Siku moja alirudi mapema. Nilikuwa natoka chumbani na beseni mkononi, naye amesimama sebuleni mbele ya televisheni, bado na viatu vyake vya kazi.

"Wewe binti ni Myahudi?"

"Ndiyo."

"Waona haya?" Alinyoosha kidole kwenye picha.

"Naona."

"Wasemaje?"

Nilikuwa nimelia usiku kwa picha hizo hizo, lakini kumwambia hivyo kungekuwa kama kuomba nihurumiwe. "Nasema ni watoto," nikajibu.

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilipata kumfikiria sana Salim baadaye, na hata sasa sioni kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona watoto waliokufa, na mbele yake amesimama mtu mwenye jina lile lile linalotajwa kwenye habari, ameshika maji machafu ya mamake. "Ahsante kwa yote mliyofanya," alisema mwishowe. "Lakini usirudi hapa."

Bi Mwanakombo akatoka chumbani akifunga buibui lake. "Salim, mamako hageuziki na mtu mmoja."

"Mwite mwengine, Bi. Mitaa yote hii, hakuna Muislamu wa kumgeuza mamangu?"

"Wapo. Wamekuja lini?"

Akaigeukia televisheni. Tukaondoka. Njiani Bi Mwanakombo hakuniambia pole wala hakuniambia nisijali. Aliniambia tu, "Kesho nenda na Mama Sara kule kwengine. Hapa nitaingia peke yangu." Imamu wa msikiti aliulizwa, akasema kumwogesha mgonjwa ni jambo la kheri, afanyaye awe yeyote. Hata hivyo baadhi ya kina mama waliwatoa binti zao darasani kwa Bi Mwanakombo. Nilijua kwa sababu ukumbi wake ulikuwa kimya nilipopita. Nilipomuuliza, alisema, "Watarudi, hawatarudi, Mola ndiye ajuaye," akaendelea kuosha vyombo. Kwetu ghorofani nako kulikuwa na maneno. Wengine walitaka tuteremshe kibao chetu cha mlangoni, wengine walisema tumejipendekeza na haya ndiyo malipo. Mwalimu alisema tusiende pasipotakiwa. Mama Ruthi hakusema kitu, na hilo lilinitia hofu kuliko maneno yote, kwa maana alikuwa amekaa, hakusimama dirishani, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Alifariki Ijumaa moja asubuhi, akiwa ameshika sufuria ya mbaazi ambayo hakuwahi kuiteleka. Kwetu maiti haicheleweshwi, na Sabato hatuziki. Ilikuwa lazima aoshwe, avishwe, na azikwe kabla ya jua kutua. Na aliyejua kazi hiyo miongoni mwa wanawake wetu alikuwa yeye mwenyewe. Mama Sara alijua zile sala lakini hakuwahi kugusa maiti, na alikwama kwenye kifungo cha kwanza. Mimi nilijua kumgeuza mtu aliye hai. Nilimwambia Mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi amevaa kiatu kimoja, kwamba nataka kumwita Bi Mwanakombo.

"Sheria yataka aoshwe na watu wake," alisema. "Wewe na Mama Sara ni watu wake. Lakini maji anaweza kuyashika yeyote aliyempenda. Nenda."

Nilikimbia njia yote. Bi Mwanakombo alikuwa akijitayarisha kwa sala ya Ijumaa. Alinisikiliza mlangoni, akasema, "Inna lillahi," akarudi ndani kuchukua kanga kuukuu, kata yake ya kuchotea maji, na kafuri ya kutia majini. Njiani alisema neno moja tu: "Muosha naye huoshwa." Alipofika alimtazama Mama Ruthi kwa muda mrefu, kisha akatugeukia. "Mimi nitashika maji. Maneno semeni nyinyi. Niambieni tu mwaanza wapi."

Tukaanza. Tulimfunika shuka, tukawa tunafunua mahali tunapoosha tu, kisha tunafunika tena, na katika hilo hatukuwa na la kufundishana. Bi Mwanakombo aliuliza kama twatia kafuri. Nikamwambia hatutii. "Basi," akasema, akaiweka kando. Kwetu mwishoni maji humiminwa mfululizo bila kukatika, chombo kimoja kikikaribia kwisha kingine kianze, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi na Mama Sara peke yetu tusingeweza. Mama Sara alisoma, mimi nikamimina, Bi Mwanakombo akapokea, na maji hayakukatika. Nilikuwa nimeshona nguo zake za kuzikiwa, za kitambaa cheupe cha marekani, kwa mkono, mishono mikubwa, kwani hazitakiwi kudumu. Tulipomaliza kumvisha, Mama Sara akamtaja kwa jina na kumwomba radhi kwa Kiebrania kwa lolote tulilokosea, kama desturi yetu. Bi Mwanakombo aliuliza amesema nini. Nikamweleza. Akainama karibu na sikio la Mama Ruthi akasema, "Nami pia, mwenzangu."

Tulimzika kwenye kipande cha shamba cha Mwalimu huko Utange, jua likiwa bado limebakisha nafasi. Wanaume wa msikitini waliotoka kuswali walipokezana jeneza na wetu. Salim hakuwako.

Siku ya nne ya matanga, Mwalimu akiwa ameketi kwenye kibao cha chini kama mfiwa, Mishi alikuja. Alitoa pole, akakaa kidogo na wanawake, kisha akanivuta kando karibu na ngazi. "Dina, Bi Mwanakombo kiuno kimemshika, haji tena. Mama vidonda vimerudi. Sitaki kusema, lakini nyumba yanuka."

"Na Salim?"

"Ndiye aliyenituma. Amesema uje yeye akiwa kazini." Alitazama chini. "Amesema pia nikwambie maneno yake hajayabadilisha."

Nusu ya moyo wangu ilitaka kumwambia akamtafute huyo mwengine. Nilimwendea Mwalimu, nikachutama, nikamweleza. Nilidhani ataniambia ningoje siku saba ziishe. Alisema, "Ingekuwa mimi nimekuja kuuliza hivyo na Ruthi yupo, ningegombezwa." Kisha akasema, "Chukua dawa ya vidonda kabatini."

Nilikwenda na Mishi. Bi Zuhura alikuwa amekonda. Jicho lake lilinifuata kutoka mlangoni. "Ulikuwa wapi?" aliuliza. Nikasema nilikuwa na msiba. Juma zima nilikwenda wakati Salim yuko Kipevu. Kisha siku moja Mishi alikuwa amempeleka mtoto zahanati, nami nilikuwa peke yangu, nimeshamwosha upande mmoja, leso iko chini ya nyonga, na upande wa pili hapana wa kushika. Nikasikia mlango. Salim akasimama kizingitini. Alitaka kurudi nyuma, nadhani, lakini mamake alikuwa wazi mgongo, na kile kidonda kikubwa kilikuwa kinamtazama. Sidhani kama alikuwa amewahi kukiona.

"Shika hapa," nikamwambia.

Alivua saa, akashika.

"Usivute. Ngoja apumue. Sasa."

Tukamgeuza. Salim alikuwa akilia bila sauti, akiifuta pua kwa bega kwa sababu hakuthubutu kuachia leso. Bi Zuhura, uso wake sasa ukielekea kwake, alimtazama akasema kwa nusu ya mdomo, "Wamaliza? Haya, endelea." Nilisafisha kidonda, nikatia dawa, nikafunga. Alinisaidia kutandika. Nilipokuwa nakwenda kumwaga maji, alisema, "Pole kwa msiba wenu." Nikasema nimeshapoa. Hatukuzungumza zaidi, wala hatukuwa marafiki baadaye. Tulikuwa na mambo ambayo hatukukubaliana na mpaka leo tusingekubaliana. Ila tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemgeuza mamake kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na alijifunza kumngoja apumue.

Bi Zuhura aliishi hadi karibu na mwisho wa mwaka ule. Niliitwa chuoni mwezi huo huo, na nilikuwa nikifunga sanduku langu Mishi alipotuma mtu. Aliyemwosha ni Bi Mwanakombo, kiuno kikiwa bado kinamuuma, pamoja na wajukuu wa marehemu. Mimi nilikaa uani na wanawake wengine tukimenya vitunguu. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na kwa ndani nilisikia maji yakimiminwa. Majirani waliokuwa wakisuka ukili waliniachia nafasi kwenye mkeka, mmoja akaniazima kisu kikali kuliko changu. Wanaume walikuwa wakiingia na kutoka, wakipanga habari ya kaburi na jeneza. Salim akatoka ndani, kanzu imelowa mikono kwa kubeba maji, akasimama katikati ya ua akituangalia sote kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Dina," akaita. "Nenda kamwambie Mwalimu mazishi ni baada ya alasiri."

Nikaweka kisu chini, nikanawa mikono, nikaenda.